Kutoka uwakili hadi ujaji, na kutoka ujaji hadi Bungeni: maswali yanayoulizwa sana na wanawake wa Arusha na Moshi

Wanaouliza ni wa namna tatu: wasichana wanaosubiri matokeo ya kidato cha sita, mawakili wenye miaka michache kazini, na mahakimu wanaotamani siasa lakini hawathubutu kuulizia kwa sauti. Majibu yanahusu sheria ya Tanzania Bara, na ibara zinazotajwa ni za Katiba ya 1977 kama ilivyorekebishwa.

Hakimu na jaji si kitu kimoja?

Hapana, na ukiwachanganya utakosea hesabu zako zote. Mahakimu wako Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na Mahakama ya Hakimu Mkazi. Ujaji unaanzia Mahakama Kuu, ambayo ina kanda Arusha na kanda nyingine Moshi, halafu juu yake wako Majaji wa Rufani. Hakimu anaingia kazini kwa kuajiriwa, jaji anaingia kwa kuteuliwa na Rais. Kwa anayefikiria siasa, hata hivyo, wote wamefungwa na kamba moja. Tutaifikia.

Nimemaliza kidato cha sita. Kuna hatua gani mpaka niitwe wakili?

Shahada ya sheria kwanza, miaka 3 au 4 kutegemea chuo. Kwa huku kwetu Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, pale Usa River, kinafundisha sheria, kwa hiyo si lazima uanze maisha kwa kupanga chumba Dar es Salaam. Dar utakwenda tu, maana baada ya shahada kuna Shule ya Sheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2007 na kuanza kufundisha 2008. Mafunzo yake ni ya mwaka mmoja, sehemu darasani na sehemu ukiwa umepangwa mahakamani au kwenye ofisi ya mawakili. Wengi wa huku huomba kipande hicho cha pili wakifanyie nyumbani ili kupunguza gharama. Ni busara, mradi ofisi utakayokwenda ina kesi za kutosha. Ukikaa miezi ukipiga mihuri ya viapo tu, hujajifunza kitu.

Ukifaulu unapeleka maombi kwa Jaji Mkuu, nyaraka zinakaguliwa, kisha unaapishwa na jina lako linaingia kwenye Daftari la Mawakili. Usidhani umemaliza hapo. Leseni ni ya mwaka, na kuifanyia kazi baada ya muda wake kwisha ni kosa linaloweza kuiangusha hati uliyoandaa na kumwumiza mteja asiye na hatia. Siku hizi hali ya leseni ya wakili inaonekana kwenye mfumo wa e-Wakili, na wakili wa upande wa pili huangalia kabla hamjaanza kusikilizwa.

Kwa nini wengi hukwama Shule ya Sheria?

Matokeo yaliyozua kelele mwaka 2022 yalikuwa hivi: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na walioondolewa 265. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe kuchunguza.

Tatizo tunaloliona sana ni kwamba chuoni mtu anafundishwa kuijadili sheria, ila anafika kule akiwa hajawahi kuandika hati ya madai iliyokamilika. Hajui kutenganisha ukweli wa shauri na hoja ya kisheria. Hati ya kiapo anaijaza maoni na mabishano, ambavyo mahakama huvifuta. Anasahau aya ya thamani ya madai na mamlaka ya mahakama, na shauri lake linakufa kwa pingamizi la awali kabla halijasikilizwa. Halafu kuna Kiingereza. Sheria ilibadilishwa 2021 kuifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama, lakini vitabu, hukumu za zamani na mitihani bado vinakudai Kiingereza cha kuandika, si cha kuombea maji. Dawa tunayoijua ni kuanza mapema. Ukiwa mwaka wa pili chuoni nenda masjala ya Mahakama Kuu Arusha au Moshi, kaa kwenye mahakama ya wazi asubuhi nzima ukisikiliza, kisha nyumbani jaribu kuandika ile hati ambayo wakili aliisimamia. Mahakama ya wazi haina kiingilio.

Uwakili au uhakimu: ipi inafika ujaji?

Zote zinafika. Ibara ya 109 inataka mtu awe na shahada ya sheria, na awe amekuwa na sifa maalum kwa muda usiopungua miaka 10. Sifa hizo anaweza kuwa amezipata akiwa hakimu, akiwa mwanasheria katika utumishi wa umma, au akiwa wakili. Piga hesabu: ukiapishwa uwakili na miaka 26, ujaji unawezekana kikatiba ukiwa na 36. Kiutendaji wengi huteuliwa wakiwa wameshakomaa zaidi ya hapo.

Tofauti iko kwenye alama unazoacha nyuma. Hakimu anaacha hukumu: zilizokatiwa rufaa, zilizopona, na zile zilizotenguliwa kwa sababu alisahau kumweleza mshtakiwa haki zake. Mzigo wenyewe si mdogo, kwani Mahakama ilijiwekea lengo la mashauri 220 kwa mwaka kwa kila jaji, 250 kwa hakimu wa wilaya au hakimu mkazi, na 260 kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Wakili anaacha kesi alizosimamia na malalamiko ya wateja, kama yapo. Hela za mteja zilizochelewa kutoka kwenye akaunti ya wakili zinaweza kumfuata miaka kumi baadaye siku jina lake linapopekuliwa.

Jaji anapatikanaje?

Rais humteua baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Huendi kupiga kampeni. Anayezunguka maofisini akijinadi anajiharibia.

Nikiwa jaji au hakimu, naweza kuwa na kadi ya chama?

Huwezi. Ibara ya 113A inamkataza Jaji wa Rufani, Jaji wa Mahakama Kuu, Msajili wa ngazi yoyote na hakimu wa ngazi yoyote kujiunga na chama chochote cha siasa. Haki ya kupiga kura imebaki. Hata kadi ya zamani iliyolala kabatini tangu ujana ni ya kurudishwa kwa maandishi, na nakala ya barua itunzwe.

Sasa ligeuze upande wa pili. Ibara ya 67 inataka anayegombea ubunge awe raia, awe na miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama wa chama cha siasa aliyependekezwa na chama hicho. Mgombea binafsi hayupo katika sheria yetu. Joho linakataa kadi, na kiti cha kugombea kinaidai kadi. Aliyevaa joho hawezi kuonja siasa kwa ncha ya ulimi huku akisubiri kuona kama itamlipa.

Basi jaji anaingiaje Bungeni?

Milango iko minne, na haifanani.

Mlango ambao watu wa siasa wanaufahamu na wanasheria wengi wanausahau ni wa uteuzi. Ibara ya 66 inampa Rais nafasi zisizozidi 10 za kuteua wabunge, na angalau 5 kati yao lazima wawe wanawake. Isome ibara hiyo pamoja na ya 67 utaona jambo: mteuliwa anatakiwa kutimiza masharti ya uraia, umri, lugha na lile la kutopatikana na hatia ya kukwepa kodi, lakini sharti la kuwa mwanachama wa chama halikutajwa kwake. Kwa hiyo mwanasheria asiye na kadi anaweza kuamka asubuhi akiwa mbunge. Kwa mlango huu wa uteuzi ndiko alikoanzia Dkt. Tulia Ackson. Alitoka uhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali 2015, Novemba mwaka huo huo akateuliwa mbunge na kuchaguliwa Naibu Spika. Mwaka 2020 akagombea jimbo la Mbeya Mjini na kushinda, na Februari 2022 akawa Spika.

Mlango wa pili ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ambaye ni mbunge kwa wadhifa wake. Majaji wameupita: Frederick Werema alitolewa ujaji wa Mahakama Kuu 2009, na Eliezer Feleshi alikuwa Jaji Kiongozi, yaani mkuu wa Mahakama Kuu, alipoteuliwa 2021. Unahitaji sifa za uwakili kwa miaka 15 mfululizo. Mpaka Hamza Johari, aliyeteuliwa 2024, kiti hicho hakijawahi kukaliwa na mwanamke.

Miwili iliyobaki, jimbo na viti maalum, inadai kadi, na kadi inadai uwe umeshaliacha joho.

Yupo mwanamke aliyewahi kutoka mahakamani akaingia kwenye siasa?

Julie Manning. Ndiye mwanamke wa kwanza Tanzania kusoma sheria, aliyeingia chuo cha Dar es Salaam miaka ya mwanzo ya 1960, na ndiye mwanamke wa kwanza kuwa Jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimtoa mahakamani akamfanya Waziri wa Sheria. Yeye na Tabitha Siwale wakawa wanawake wa kwanza kuwa mawaziri kamili nchini. Alikaa wizarani hadi 1983. Anatajwa mara chache mno ukilinganisha na uzito wa alichokifanya.

Jirani zetu wa Kenya wana Martha Karua. Alikuwa hakimu, akaacha kazi 1987 na kufungua ofisi ya uwakili, akachaguliwa mbunge wa Gichugu 1992 na kushika jimbo hilo hadi 2013. Katikati hapo alikuwa Waziri wa Sheria. Angalia mpangilio: aliacha uhakimu, akasimama miaka kadhaa kama wakili akijulikana kwa kesi, ndipo akaenda kwa wapiga kura. Hakuruka moja kwa moja kutoka kitini hadi jukwaani, na kwa maoni yetu hicho kipindi cha katikati ndicho kilichombeba.

Dkt. Asha-Rose Migiro naye hutajwa katika kundi hili, ila yeye hakuwa jaji. Alikuwa mhadhiri wa sheria aliyeingia Bungeni 2000 kwa viti maalum.

Nikiamua kuacha ujaji, naachaje?

Kwa barua yenye saini yako kwa mamlaka iliyokuteua, yaani Rais. Utaratibu uko ibara ya 149. Kujiuzulu kunaanza siku taarifa inapopokelewa, au siku ya baadaye uliyoitaja mwenyewe. Neno "kupokelewa" lina uzito hapa. Aliyeandika barua Ijumaa, akachukua kadi ya chama Jumamosi, na barua ikagongwa muhuri wa mapokezi Jumanne, amekuwa jaji mwenye kadi kwa siku tatu. Mpinzani mwenye wakili mzuri atazipata hizo siku. Ngoja uthibitisho wa maandishi.

Kama una umri wa kutosha, kustaafu ni salama kuliko kujiuzulu. Jaji wa Mahakama Kuu anaweza kustaafu kwa hiari baada ya kutimiza miaka 55, na kwa lazima akifikisha 60 isipokuwa Rais amemwongezea muda. Kwa Jaji wa Rufani ni 60 na 65. Mafao ya majaji yana sheria yao ya 2007, na kiasi unachopata kinategemea namna ulivyoondoka. Hesabu hiyo ifanywe na mtu wa mafao kabla barua haijaandikwa, kwa sababu uchaguzi unaweza kukupita na ukabaki huna kiti huku wala kule.

Kesi nilizokwisha kuzisikiliza nusu zitakwendaje?

Zinapangiwa jaji mwingine. Katika madai, Kanuni ya 10 ya Amri ya XVIII ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inamruhusu anayepokea kuendelea na ushahidi uliokwisha kuchukuliwa, lakini lazima sababu za mabadiliko ziandikwe kwenye mwenendo. Zikikosekana rufaa itakula hapo hapo. Namna ya kiungwana ni kuacha kupokea mashauri mapya miezi kadhaa kabla, kumaliza hukumu zote zinazosubiri, na kukabidhi majalada yakiwa na kumbukumbu safi. Na usiache hukumu inayogusa chama, mgombea au halmashauri ya eneo unalotaka kugombea ikiwa mezani. Ukiitoa watu watasema ulikuwa unatafuta kura, ukiiacha watasema uliikimbia.

Wanasheria hukosea wapi kwenye fomu za ugombea?

Inachekesha, lakini mtu aliyekataa hati za watu miaka ishirini kwa kukosa tarehe hujaza fomu yake mwenyewe usiku wa mwisho. Fomu ya uteuzi ya ubunge inahitaji wadhamini wasiopungua 25 walioandikishwa kupiga kura katika jimbo hilo. Jimbo hilo, si mkoa. Mwenye jimbo la Vunjo akileta wadhamini wanaoishi Vunjo lakini wamejiandikisha Moshi Mjini, wanahesabika sifuri. Peleka zaidi ya 25, na hakiki namba za kadi za mpiga kura moja moja dhidi ya daftari. Mdhamini aliyekwisha kumsainia mgombea mwingine ni shimo jingine. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye kadi: mama aliyejiandikisha kwa jina la ubini akasaini kwa jina la ndoa anakupunguzia mmoja. Tamko mbele ya hakimu nalo lisiachwe mpaka saa tisa alasiri ya siku ya mwisho, maana hakimu ana kesi zake. Rudisha fomu mapema ili msimamizi wa uchaguzi akiona kasoro uwe bado na muda.

Kabla ya hapo kuna kura za maoni za chama, na huko ndiko majaji wastaafu wengi hupotelea. Wajumbe hawakujui. Wanamjua aliyekuwa anafika misibani.

Kwa nini mtu aache kiti cha heshima namna hiyo aende kupigiwa makofi na kuzomewa?

Kwa sababu jaji anaishia pale sheria inapoishia. Chukua urithi wa ardhi, ambao kwa watu wa Kilimanjaro ni habari ya kihamba, shamba la ukoo, na hauna haja ya maelezo. Kanuni za urithi wa kimila zilizoandikwa kwenye Tangazo la Serikali Na. 436 la 1963 zinamweka mwanamke nyuma. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya, Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Pastory, aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza ardhi ya ukoo sawa na mwanamume. Wanaharakati walishangilia. Lakini wajane walipokwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za urithi zenyewe, mahakama 2006 ilikiri kuna ubaguzi na bado ikakataa kuzifuta. Suala likafika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, iliyoamua kwa faida yao 2015.

Au umri wa kuolewa. Mahakama Kuu 2016, na Mahakama ya Rufani 2019, zilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinakinzana na Katiba, na kuitaka Serikali ivirekebishe. Kuviandika upya ni kazi ya Bunge. Jaji akishasoma hukumu anafunga jalada, mwenye kalamu ya kifungu kipya yuko Dodoma.

Huko Dodoma jaji wa zamani ana faida gani?

Anaona kasoro za muswada kabla hazijawa sheria. Muswada wa kawaida huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali siku zisizopungua 21 kabla ya kusomwa mara ya kwanza, isipokuwa ule wa hati ya dharura. Mara ya kwanza husomwa kichwa tu, kisha unakwenda kamatini, ambako wadau huitwa kutoa maoni. Halafu mjadala wa kusomwa mara ya pili, Kamati ya Bunge Zima kifungu kwa kifungu, kusomwa mara ya tatu, na saini ya Rais.

Mbunge mgeni hungojea mjadala ili aonekane kwenye runinga. Kazi yenyewe iko kamatini na kwenye jedwali la marekebisho. Jedwali hilo linaandikwa kwa usahihi kuliko hotuba: kifungu kipi, mstari upi, maneno gani yanafutwa, yapi yanaingia. Aliyewahi kutafsiri vifungu akiwa kitini anajua kwamba "anaweza" na "atapaswa" hutenganisha haki na hisani. Asiyejua anapitisha.

Kinachowasumbua majaji ni tabia. Wamezoea kusikiliza pande zote na kutoa uamuzi mmoja usiobishaniwa. Bungeni hoja nzuri isiyo na kura inakufa, na kura zinatafutwa kwenye chai ya saa nne. Muswada binafsi unaruhusiwa, ila mambo ya kodi na matumizi ya fedha za umma huanzishwa upande wa Serikali tu, kwa mujibu wa ibara ya 99. Miswada binafsi mingi hugonga ukuta huo.

Jimbo au viti maalum?

Kwa viti maalum, chama lazima kipate angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge, kisha nafasi hugawanywa kwa uwiano. Baada ya chaguzi za 2015 na 2020 zilikuwa 113. Orodha inatoka chamani, kwa CCM kupitia UWT, jumuiya yake ya wanawake, na makundi yake, kwa hiyo wapiga kura wako ni wajumbe. Gharama ni ndogo kuliko jimbo zima, lakini Mfuko wa Jimbo, yaani fedha za maendeleo ya jimbo, hauugusi, na Waziri Mkuu lazima atoke kwenye jimbo. Kote kuwili ukikoma kuwa mwanachama wa chama chako kiti kimekwenda. Kwa mtu aliyezoea ulinzi wa ajira ya ujaji, jambo hilo linahitaji kuzoewa.

Bunge la Afrika Mashariki si liko hapa hapa Arusha?

Liko. Kila nchi ina wabunge 9, wanaochaguliwa na Bunge la nchi yao lakini wasiwe wabunge wa Bunge hilo. Kipindi ni miaka 5, na hakizidi viwili. Mwanasheria aliyefanya kazi kwenye taasisi za Arusha ana la kujivunia katika maombi yake, ila kura zinapigwa Dodoma. Nauli ya kwenda kujieleza iwekwe kwenye bajeti: kupitia Babati na Kondoa ni kilomita 400 na ushee kutoka Arusha.

Lazima niwe mwanasheria?

La. Lucy Lameck wa Njoro, Moshi, alianza na unesi, akawa miongoni mwa wabunge wanawake wa mwanzo kabisa na naibu waziri.

Tamko la mali linajazwa lini?

Ndani ya siku 30 tangu kushika wadhifa, kila mwaka kufikia 31 Desemba, na unapoondoka. Anayehama kutoka ujaji kwenda ubunge anajaza mara mbili kwa karibu, la kuondoka na la kuingia, na takwimu zikipishana bila maelezo ataitwa kujieleza. Shamba la mume, hisa za SACCOS na nyumba inayojengwa bado vyote viandikwe. Chukua nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.